Si kila sinema ivumayo ina neno la kutuambia

Muhula uliopita, mwalimu mmoja wa Kiswahili ambaye ni rafiki yangu tangu utotoni alinialika nizungumze na wanafunzi wa shule yake, iliyo mwendo mfupi kutoka soko la Chakol, katika eneo la Teso Kusini. Baada ya mazungumzo yangu kuhusu isimu, ambayo vijana wale waliyavumilia kwa adabu kubwa, ilifika saa ya burudani ya Jumamosi. Bwalo la chakula liligeuzwa ukumbi wa sinema, shuka jeupe likatundikwa ukutani, projekta ikawashwa, na kijana mwenye dhamana ya burudani akamletea mwalimu orodha ya filamu tano. Zote tano zilikuwa za Hollywood. Zote zilihusu mashujaa wanaoruka hewani, na tatu kati yake zilikuwa sehemu ya pili au ya tatu ya hadithi ambayo ingeweza kwisha katika sehemu ya kwanza.

Niliomba ruhusa nionyeshe filamu niliyokuwa nayo katika tarakilishi yangu. Ilikuwa Children of Heaven, iliyoongozwa na Mwirani Majid Majidi na kutolewa mwaka 1997. Minong'ono ilianza mara moja. Wahusika walisema Kiajemi, na maneno yao yalitafsiriwa kwa Kiingereza katika maandishi madogo yapitayo chini ya picha. Hapakuwa na bunduki, wala gari la kulipuka, wala jumba la kuporomoka. Palikuwa na mvulana aitwaye Ali, mwana wa mkata mjini Tehran, aliyepoteza viatu vya dada yake Zahra alipokuwa akivirudisha nyumbani kutoka kwa fundi. Kwa kuwa baba yao hana fedha, watoto wale wanapatana kwa siri kutumia jozi moja tu, ile ya Ali. Zahra anaivaa asubuhi, kisha anakimbia mbio kuirudisha ili kaka yake aivae mchana.

Dakika kumi zilipopita, msichana mmoja aliyeketi mbele akaanza kuwasomea wenzake maandishi yale kwa sauti, akiyageuza kwa Kiswahili. Nyuma yake mwingine akawa anawapokezea wadogo kwa Kiteso. Hakuna aliyewatuma. Kuelekea mwisho wa hadithi, Ali anajiunga na mashindano ya mbio kwa sababu moja tu: zawadi ya nafasi ya tatu ni jozi ya viatu. Nilipogeuka kulitazama bwalo, vijana walikuwa wamesimama juu ya viti wakimpigia kelele apunguze mwendo. Alipoukata utepe akiwa wa kwanza, bwalo zima liliguna kana kwamba limefiwa.

Kisa hicho ndicho kilichonisukuma kushika kalamu. Vijana wa Afrika Mashariki wana neno lao kwa mhusika mkuu wa sinema: steringi. Neno hilo lilitoholewa kutoka maandishi ya Kiingereza yanayotangulia majina ya waigizaji, nalo likazaa kanuni ambayo kila mtoto wa mpakani anaijua: steringi hafi, na sharti ashinde. Wanafunzi wale wa Chakol walikuwa wamelelewa katika kanuni hiyo tangu wajue kukaa kitako mbele ya runinga. Ilitosha saa moja na nusu mbele ya filamu isiyo na jina wala matangazo, nao wakajikuta wakihuzunikia ushindi. Hilo ni funzo la fasihi ambalo mimi, pamoja na shahada zangu, nisingeweza kuwapa kwa muhula mzima.

Sisemi haya kwa kuichukia Hollywood. Nilikulia papa hapa mpakani, na katika miaka ya tisini nililipa shilingi zangu kuingia katika vibanda vya video vya Malaba, ambako jenereta ilinguruma nje na sisi tukasongamana ndani kumtazama Bruce Lee na Arnold Schwarzenegger. Furaha ile siikani. Isitoshe, mafundi wa Hollywood ni mabingwa wa kazi yao, na mtu aliyechoka ana haki ya kutazama kitu kisichomchosha zaidi. Lawama yangu inauhusu uvumi: ile hali ya kuamini kwamba filamu iliyotangazwa zaidi ndiyo filamu iliyo bora, na kwamba isiyotangazwa haipo kabisa.

Tuuchunguze uvumi huo unavyofanya kazi. Filamu ya Avengers: Endgame ya mwaka 2019 ilikusanya karibu dola bilioni 2.8 ulimwenguni. Kazi inayotarajiwa kuleta fedha nyingi kiasi hicho haina budi kueleweka kwa namna moja Beijing, Berlin na Busia, tena katika majuma machache ya mwanzo kabla ya uvumi kupoa. Hapo ndipo mwanaisimu anapotega sikio. Kitu cha kwanza kinachopunguzwa katika kazi ya namna hiyo ni mazungumzo, kwa kuwa mazungumzo yana mahali pake, yana utani wake, mafumbo yake na adabu zake, na hayo yote hayavuki mipaka kwa wepesi. Kitu kinachoongezwa ni mlipuko. Mlipuko hauhitaji mkalimani.

Sasa tazama lugha zetu zinapoalikwa katika karamu hiyo. Mwaka 1983 ilitoka filamu ya Return of the Jedi, mojawapo ya zile za vita vya angani. Ndani yake yumo rubani mmoja mwenye mashavu yaliyoning'inia, kiumbe wa sayari nyingine, ambaye maneno yake yanamshangaza mtazamaji wa Marekani. Mtazamaji wa Nyeri au Kiambu hakushangaa, kwani kiumbe yule alisema Kikuyu. Sauti yake ilitolewa na Mkenya aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani. Watu wetu walicheka, na kweli inachekesha. Hata hivyo, tukimaliza kucheka tujiulize: kwa nini lugha ya mamilioni ya watu walio hai, wenye mashamba, mahakama na makanisa, ilionekana kufaa kuwa sauti ya kiumbe asiyekuwepo?

Mwaka 1994 ikaja The Lion King. Humo mna Simba, Rafiki, Pumbaa na fisi aitwaye Shenzi. Wote wana majina ya Kiswahili au yatokanayo na Kiswahili, na wote wanasema Kiingereza. Kauli ya "hakuna matata", ambayo Them Mushrooms wa Mombasa walikwisha kuieneza kwa wimbo wao wa mwaka 1982, iliingia katika filamu hiyo, na kufikia mwaka 2003 kampuni ya Disney ilikuwa imesajiliwa nchini Marekani kuwa mwenye alama hiyo ya biashara kwenye mavazi. Wengi walikuja kulikasirikia jambo hilo mwaka 2018. Mimi linanisikitisha zaidi jambo jingine, kwamba mtoto wa Kiafrika hutoka katika filamu ile akiwa amesikia majina ya kwao na asisikie sentensi hata moja ya Kiswahili iliyobeba wazo zito. Jina la mtu ni pambo tu iwapo mwenyewe hapewi nafasi ya kusema.

Kuwa sinema ni suala la lugha si ugunduzi wangu. Hata wakoloni walilijua. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulikuwapo mradi wa Waingereza wa kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo. Walitengeneza filamu zipatazo 35 juu ya kilimo, afya na uwekaji wa akiba, wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Sauti waliirekodi kando, katika sahani za santuri, ili filamu moja iweze kusemewa katika lugha mbalimbali. Waliofanya hivyo walitaka kutuamrisha, wala hawakutaka kutusikiliza, lakini walitambua kwamba neno lisilo katika lugha ya mtu haliingii.

Mwafrika aliyeigeuza hoja hiyo ikawa silaha yetu ni Ousmane Sembène wa Senegal. Alikuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, na vitabu vyake vilisifiwa. Hata hivyo alitambua kwamba wale aliowaandikia, wachuuzi na mama zao, hawakuweza kuvisoma. Akiwa mtu mzima alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu, na mwaka 1968 akatoa Mandabi, filamu ambayo watu wa Dakar wanasema Kiwolofu. Inasimulia habari za mzee mmoja aliyetumiwa hundi ya fedha kutoka Paris asiweze kuipokea, kwa kuwa kila ofisi inamtaka karatasi asizokuwa nazo. Ni nani miongoni mwetu ambaye hajawahi kusimama mbele ya dirisha kama lile? Mzee yule ni jirani yetu, ijapokuwa Dakar ni mbali kuliko tunavyoweza kufika kwa basi.

Neno "filamu ya kigeni" lenyewe linahitaji kupimwa upya. Huko Marekani, kwa miaka mingi palikuwa na tuzo ya Oscar iliyotengewa filamu za lugha za kigeni, na jina hilo lilibadilishwa mwaka 2019 likawa la filamu za kimataifa. Mwaka huohuo filamu ya Lionheart, ya Mnaijeria Genevieve Nnaji, iliondolewa katika mashindano hayo kwa sababu sehemu yake kubwa ilikuwa ya Kiingereza. Kiigbo kilichukua dakika kumi na moja hivi. Wanijeria walilalamika kwamba Kiingereza ndicho lugha yao rasmi, waliyoipokea kwa kutawaliwa, na walikuwa na haki ya kulalamika. Miezi michache baadaye, Februari 2020, filamu ya Kikorea iitwayo Parasite, ya Bong Joon-ho, ikawa ya kwanza isiyokuwa ya Kiingereza kutwaa tuzo kuu ya mwaka. Anayetaka kuyaunganisha mambo hayo mawili na ayaunganishe.

Kwetu sisi wa Chakol, filamu ya Los Angeles ni ya kigeni sawasawa na ya Tehran au ya Seoul. Tofauti ni kwamba ugeni wa Los Angeles tumeuzoea mpaka tukausahau. Na hapa sisi watu wa mpakani tuna utajiri ambao Mmarekani wa kawaida hana. Mtoto wa Chakol husema Kiteso kwa mama yake, ambacho ni lugha ya Kinailoti yenye udugu na Kiturkana. Hucheza na jirani anayesema Kikhayo au Kibukusu, ambazo ni za Kibantu. Hununua ndizi kwa Kiswahili, hujibu maswali ya darasani kwa Kiingereza, na akivuka upande wa Uganda hukutana na Kiganda. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuambiwa kwamba kusoma maandishi chini ya picha kutamshinda. Amekwisha kufanya kazi ngumu kuliko hiyo kabla ya kunywa chai ya asubuhi.

Tena, dawa ya ugumu wa lugha tunayo wenyewe tangu zamani. Katika vibanda vya Uganda wapo watafsiri wa filamu, maarufu kwa jina la VJ, ambao huketi na kipaza sauti wakiigeuza sinema kwa Kiganda papo hapo, wakitia chumvi, vichekesho na maoni yao. Tanzania ilimjua Lufufu, na Kenya inamjua DJ Afro. Watu wasomi wamezoea kuwadharau mafundi hao. Mimi nawaona kuwa ni wataalamu wa isimu tumizi wasio na cheti. Waliipokea filamu ya mtu mwingine wakaifanya izungumze nasi, na pengine wao ndio waliotuzuia tusimezwe kabisa. Kule Wakaliga, jijini Kampala, Isaac Nabwana alikwenda hatua moja mbele: mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano inayosemekana kugharimu chini ya dola 200, ikiwa na sauti ya mtafsiri ndani yake kama sehemu ya filamu yenyewe. Ni sinema ya vurugu na vichekesho, lakini mtu akiitazama hawezi kukosea ni ya wapi.

Zipo pia kazi za Afrika Mashariki zenye utulivu zaidi, ambazo kila mwalimu angepaswa kuzijua kama anavyovijua vitabu teule. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotolewa mwaka 2018, inamhusu Jo, mtoto wa miaka tisa aliye mgonjwa wa kufa ambaye ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake, kisha kijiji kizima, wanashirikiana kumfanya aamini kwamba nguvu hizo anazo. Humo mna yule shujaa wa Hollywood vijana wanayempenda, ila safari hii ametua kijijini, na nguvu zake zinatoka kwa majirani. Ndugu zetu wa Tanzania nao wanayo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, ambayo imetokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya miaka ya hamsini. Mwanafunzi aliyeisoma riwaya, akaitazama filamu, kisha akaulizwa kwa nini mwongozaji ameacha hiki na kukuza kile, amekwisha kuingia katika uhakiki bila kutishwa na istilahi.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Kwanza, itasemwa kwamba filamu hizi ni za polepole. Ni kweli baadhi yake ni za polepole, kama yalivyo polepole mazungumzo ya wazee, na kijana anahitaji kufunzwa kuyasubiri. Pili, itasemwa kwamba si kila filamu ndogo ni njema. Hilo pia ni kweli, kwani umaskini wa mtengenezaji si cheti cha ubora, na nimetazama filamu za bei rahisi ambazo hata bei hiyo hazikustahili. Tatu, itasemwa kwamba hazipatikani. Zamani nisingekuwa na jibu. Leo nyingi zinapatikana kwa njia halali katika mtandao, na sherehe kama Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililoanza kufanyika mwaka 1998, zimezikusanya na kuzitambulisha kwa umma. Anayetafuta atapata, iwapo hataishia kwenye ukurasa wa kwanza wa matangazo.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa walimu wa Kenya wakati huu. Filamu imekwisha kuingizwa katika tamasha la kitaifa la maigizo ya shule na vyuo. Mtaala wa umilisi nao, ambao kundi lake la kwanza lilipangiwa kuingia Gredi ya 10 mwaka 2026, una somo la maigizo na filamu katika sekondari ya juu. Tusipokuwa waangalifu, vijana wataingia katika somo hilo wakiwa na kielelezo kimoja tu cha filamu ni nini, na watatumia kamera zao kuigiza Los Angeles wakiwa Amagoro. Watatafuta bastola za mbao na Kiingereza cha puani, ilhali hadithi zao zimejipanga barabarani pamoja na yale malori yanayosubiri kuvuka Malaba.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo linalowezekana. Kila muhula, shule ionyeshe angalau filamu moja isiyo ya Hollywood, moja tu, na Jumamosi nyingine zote zibaki mikononi mwa mashujaa waruka hewani. Mwalimu aitazame kwanza mwenyewe na azingatie umri ulioainishwa. Kisha awape wanafunzi wa Kiswahili kazi ya kuandika tafsiri ya mazungumzo ya onyesho moja, na wale wenye Kiteso, Kikhayo au Kibukusu waandike ya kwao. Watagundua upesi kwamba "wewe" wa Kiajemi, wa Kiswahili na wa Kiteso hawalingani, na kwamba mtoto hamwambii baba kama anavyomwambia mwenzake. Siku mbili za kazi hiyo zitawafunza adabu ya lugha kuliko orodha ya methali za kukariri.

Tulipokuwa tukikunja lile shuka usiku ule, msichana aliyekuwa akitafsiri alinijia na swali. Alitaka kujua kama mtu anaweza kutengeneza sinema kuhusu mtoto wa Chakol na jambo dogo kama viatu, na ikiwa inawezekana, mtoto huyo angesema lugha gani. Nilimwambia kwamba inawezekana, na kwamba mtoto angesema lugha zote anazosema yeye, kila moja mahali pake. Alinitazama kama anayepima iwapo natania. Mtoto huyo amesikia Kiingereza cha Marekani kwenye skrini mara elfu, na Kiteso sijui kama amekisikia hata mara moja. Mashaka yake tumeyalea sisi.

Walimu wenzangu, hatutaweza kushindana na matangazo ya Hollywood, wala hatuhitaji kushindana nayo. Tuna bwalo, tuna shuka, tuna Jumamosi tatu au nne katika muhula. Muhula ujao nimeahidi kurudi Chakol na filamu ya yule mzee wa Dakar na hundi yake. Yule msichana amekwisha kuniomba nimpelekee mapema maneno ya filamu yote, ili awe ameyatafsiri kabla sijafika.